Posa ya Bamvua Tatu

Maji yamejaa?

"Yamejaa!"

Yamejaa wapi?

"Horini!"

Na wenye miguu?

"Wakae chini!"

Haya, kaeni chini basi. Chande, toa kidole puani, hadithi haiingilii huko. Na wewe Kibibi, endelea kuchagua mawe kwenye huo mchele. Masikio nimeyaazima mimi, mikono bado ni ya mama yako.

Palikuwapo, wajukuu zangu, zamani iliyo nyuma ya zamani zote, mikoko ilipokuwa mirefu hata ndege akitaka kufika kileleni hupumzika mara mbili njiani. Nani huyo amecheka? Nimesema mara mbili, na nisiposadikiwa nitasema tatu.

Katika zamani hiyo palikuwa na kijiji kikiitwa Kikokoni. Hakikuwa ufukweni kwenye mawimbi. Kilikuwa ndani kabisa, kando ya hori, ule mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu, ukapinda, ukapinda tena, mpaka chumvi yake ikachanganyika na maji ya mto. Watu wa huko hawakuhesabu siku kwa majuma. Walihesabu kwa bamvua. Mnajua bamvua nyinyi? Mara mbili kila mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari hujaa kupita kiasi, ikafunika mizizi yote ya mikoko, kisha hupwa mpaka ukaliona tumbo la hori. Hiyo ndiyo bamvua. Mtu wa Kikokoni alisema, "Mwanangu ana bamvua kumi," au "Nitarudi baada ya bamvua mbili," na kila mtu akaelewa.

Na katika bamvua ndipo alipokuja samaki wao mkubwa, chewa wa milia. Mnene, mgongo mweusi, ubavuni mistari saba kama iliyochorwa kwa wanja. Nyama yake nyeupe! Mimi sijamla, nimesimuliwa tu, na hivi ninavyosimulia mate yananitoka. Lakini chewa huyu alikuwa na adabu zake. Mikizi wadogo waliingia kwanza, wakatawanyika kwenye mizizi. Yeye alikuja nyuma yao, wa mwisho kabisa, maji yanapokaribia kusimama. Na maji yakianza tu kurudi, hata kabla macho yako hayajaona, yeye ndiye wa kwanza kutoka. Ukifunga uzio wa kumnasia mapema, umemfungia nje. Ukifunga kwa kuchelewa, ameshakwenda zake. Kulikuwa na kipindi kifupi tu katikati, na kukijua kipindi hicho ndiko kulikomfanya mtu aitwe mvuvi.

Basi siku moja akaja Kikokoni kijana mmoja, jina lake Mshamu. Alitoka Rasini, pwani ya nje, kunakopigwa na bahari kuu, na baba yake alikuwa mkuu wa wavuvi huko. Mshamu alikuwa hodari, alikuwa nadhifu, na alikuwa anajijua kuwa ni hodari na nadhifu. Alikuwa amemwona Somoe kwenye arusi ya watu, wakatazamana mara moja tu, na tangu hapo kijana chakula hakishuki. Akapiga moyo konde, akaja kuposa.

Somoe alikuwa na mama tu. Baba hakuwapo. Mama Somoe alikuwa mwanamke mkimya, mkata chaza, kila siku yumo matopeni na kisu chake, anabandua chaza kwenye mizizi ya mikoko. Mshamu alipopeleka maneno yake, mama yule hakusema ndiyo, hakusema siyo. Alimtazama Jumbe wa kijiji, naye Jumbe akakohoa.

"Kijana," Jumbe akasema, "kwetu hatuhesabu mahari kwanza. Kwetu mgeni anayeposa hupewa bamvua tatu. Utakaa kile kibanda cha mwisho. Utajenga uzio wako kwenye kijito chako. Katika bamvua tatu hizo tulishe kijiji kizima chewa wa milia, hata kama ni mlo mmoja. Ukitulisha, Somoe ni wako. Ukishindwa, utarudi kwenu kwa amani, na posa yako itakuwa imekwisha."

"Hewala," akasema Mshamu.

"Ngoja, sijamaliza. Siku zote hizo wewe na Somoe hamtasemezana hata neno moja. Na habari za maji hutaambiwa na mtu. Usipouliza, hutaambiwa. Ukiuliza, utajibiwa."

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu Mshamu hakusikiliza vizuri. Alisikia "hutaambiwa na mtu," akatabasamu. Yale maneno ya mwisho yalimpita pembeni. Aambiwe nini yeye? Yeye, mwana wa mkuu wa wavuvi wa Rasini, aulize habari za maji kwa watu wanaokaa matopeni?

Akajenga uzio. Lo, aliujenga! Alikata fito, akazifunga kwa ukindu moja moja, akazisimamisha kuvuka mdomo wa kijito, na katikati akaweka mlango, mkeka mzito wa fito wa kuteremsha kwa kamba. Watu wakaja kuutazama. Wakausifu. Hata Jumbe akautikisa kwa mkono, haukutikisika.

Bamvua ya kwanza ikafika, mwezi mpevu. Mshamu akasimama kwenye tope kavu akapima kivuli chake. Ndivyo walivyofanya kwao Rasini. Siku ya bamvua kuu, alasiri, unatembea juu ya kivuli chako unyayo mbele ya unyayo, na kikifika nyayo kumi, bahari imejaa. Haijawahi kukosea. Baba yake alipima hivyo, na babu yake alipima hivyo.

Maji yakaja, yakaja, yakaja. Mshamu akapima. Nyayo nane. Maji yakaja, yakaja. Nyayo tisa. Nyayo kumi! Akaachia kamba, mlango ukashuka, puu! Akakunja mikono akangoja maji yapwe.

Yakapwa. Watu wakaja na vyungu na vikapu. Ndani ya uzio mlikuwa na mikizi kumi na mitatu na kaa mmoja mwenye hasira.

Hakuna aliyemcheka, wajukuu zangu. Wangemcheka ingekuwa afadhali. Walivibeba vyungu vyao wakarudi navyo vitupu, na mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, kwani huyu kaa tutagawana vipi?" Mama yake akamziba mdomo. Mshamu aliona masikio yake yanawaka moto.

"Bamvua hii samaki hawakuingia," alijisemea usiku ule. "Watakuja ijayo."

Kesho yake, alasiri, aliporudi kutoka kwenye uzio, alikuta konokono kwenye kizingiti cha kibanda chake. Konokono mdogo wa mikokoni, mwenye gamba refu lililochongoka. Mshamu alichukua ufagio akamfagia. Kesho kutwa, konokono mwingine. Akamfagia. Siku ya tatu, konokono. "Nchi gani hii," akanung'unika, "hata mlango wa mtu unaota konokono!" Akamfagia. Na siku ya nne? Niambieni nyinyi.

"Akamfagia!"

Akamfagia, ndiyo. Nilisema alikuwa nadhifu.

Mara kwa mara alimwona Somoe kwa mbali, akiwa na mtungi au kikapu cha mama yake. Somoe alimtazama, kisha alitazama mlango wa kibanda, kisha alimtazama tena, akaondoka amekunja uso. Mshamu akahuzunika. Alidhani binti ameanza kumchoka.

Bamvua ya pili ikafika, mwezi mwandamo. Safari hii Mshamu akasema, labda uzio wangu una matundu. Akaongeza fito, akaukaza. Akapima kivuli. Nyayo nane, nyayo tisa, nyayo kumi. Kamba, mlango, puu! Maji yakapwa. Mlikuwa na mikizi tisa. Hata yule kaa hakuja.

Hapo Mshamu akashika tama. Alikaa kwenye ukingo wa kijito mpaka tope likamkaukia miguuni. Alikuwa na hofu sasa, hofu ya kweli. Alimpenda Somoe, na alijiona anarudi Rasini peke yake, na baba yake anamuuliza, "Vipi, mwanangu? Hori limekushinda?" Tena ilibaki bamvua moja tu.

Akaketi, akafikiri. Siku ya kwanza akafikiri, siku ya pili akafikiri. Na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine alianza kutazama, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aje. Akamtazama Mama Somoe akikata chaza. Mama yule aliingia matopeni maji yakiwa mbali. Alikata, alikata, ameinama, hatazami jua, hatazami kivuli, hatazami kule baharini. Halafu ghafla alifuta kisu chake, akabeba kikapu, akatoka. Hakuwa na haraka. Na mara tu alipokanyaga nchi kavu, maji yalifika pale alipokuwa amesimama.

Kesho yake vile vile. Kesho kutwa vile vile. Kila siku maji yalikuja saa nyingine, na kila siku mama alitoka kabla yake kidogo. Kaniki yake ilikuwa na tope, lakini haikuwahi kuloana kwa maji ya hori hata pindo.

Zilipobaki siku tatu kufika bamvua ya mwisho, Mshamu aliteremka mpaka ukingoni, akapiga magoti kwenye tope, yeye na unadhifu wake wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nimekuja kuuliza."

Mama Somoe akasimama wima. Alitua kikapu chake, na macho yake yakalengwa na machozi.

"Unauliza nini, baba?"

"Nauliza maji. Kwetu nayajua. Hapa siyajui."

"Neno hilo," mama akasema, "nimelingoja bamvua mbili. Kaa nikwambie. Baba yake Somoe alikuwa mtu wa nje kama wewe. Zamani hizo hatukuwa na posa ya bamvua. Alikuja, akanioa, akakaa, na mimi nilifurahi naye. Siku moja alikwenda ng'ambo kukata kuni. Wakati wa kurudi alitazama jua, akasema maji yameshaanza kupwa, akashuka kuvuka kwa miguu. Huko nje kwenu yalikuwa yameshaanza kupwa, ndiyo. Hapa ndani yalikuwa bado yanajaa. Bahari ikishachoka kule nje, maji yake yanakuwa bado yamo njiani, yanapinda, yanapinda, mpaka yatufikie. Tulimngoja mpaka asubuhi. Tangu hapo nikamwambia Jumbe, mwanangu sitampa mtu asiyejua kuuliza maji ya hapa. Sitaki alie nilivyolia mimi."

Mshamu akainamisha kichwa. Aliona haya, akamwonea huruma mama yule, na akamwogopa kidogo pia.

"Basi mama, wewe unayajuaje?"

"Mimi? Siyajui," akasema Mama Somoe. "Wanaojua ni hawa."

Akaelekeza kisu kwenye shina la mkoko. Mshamu akasogea. Juu ya gome, mmoja, wawili, kumi, ishirini, konokono wadogo wenye magamba yaliyochongoka walikuwa wanapanda polepole, na maji yenyewe bado hayaonekani.

"Hawa hukaa chini kwenye tope wakila," mama akasema. "Hawataki kufunikwa na maji. Basi kabla maji hayajaja wao wanaanza kupanda. Nikiona wamelifikia goti langu, natoka. Wanapanda mpaka pale wanapojua maji hayatawafikia, wanatulia. Siku ya maji madogo hupanda kidogo. Siku ya bamvua huenda juu kuliko kichwa chako. Yaangalie maji yakiwakaribia. Yakibakiza shibiri moja yakasimama, hapo ndipo yamejaa. Kabla ya hapo usiguse kamba, hata aseme nani."

"Lakini mama," Mshamu akasema, "konokono hawa nawajua! Huja kibandani kwangu kila siku, kwenye kizingiti."

Mama Somoe akabeba kikapu chake.

"Konokono wa mikoko hapandi kizingiti cha mtu, Mshamu," akasema. "Huko hakuna maji."

Akaenda zake. Mshamu akabaki pale amepigwa na butwaa, mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Siku ile, alasiri, alipokuta konokono mlangoni, hakumfagia. Alipiga magoti akamtazama kama anayetazama barua.

Bamvua ya tatu ikafika, mwezi mpevu. Kijiji kizima kilikuwa ukingoni. Tena, kama kwamba taabu haikutosha, kutoka Rasini alikuja mjomba wake Mshamu, Mzee Makwega, mtu wa sauti kubwa, amekuja kumchukua mpwa wake endapo atashindwa.

Mshamu akasimama juu ya ukingo, mkoko mbele yake, kamba mkononi. Konokono walikuwa wameshapanda, wamelala juu ya gome kama vifungo, juu kuliko kichwa cha mtu aliyesimama chini kwenye tope.

Maji yakaja, yakaja, yakaja.

Mjomba akapima kivuli chake. "Nyayo tisa, mpwa wangu! Jiandae!"

Maji yakaja, yakaja.

"Nyayo kumi! Funga!"

Mshamu hakufunga.

"Nyayo kumi na moja! Wewe, umekuwa kiziwi? Baba yako angefunga zamani! Tazama lile povu katikati ya hori, limesimama, maji yamekwisha kujaa! Funga!"

Na kweli povu lilikuwa limesimama, mto ukilisukuma huku na bahari ikilisukuma kule. Watu walilitazama povu, wakamtazama Mshamu. Mkono mzima ulimwambia funga, maana mkono ule ulifundishwa na baba yake tangu utoto. Akawatazama konokono. Kutoka kwenye maji mpaka kwao palikuwa na shibiri tatu.

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Bado, mjomba."

Ungeweza kuivisha chungu cha kunde, wajukuu zangu, kwa muda ule aliongoja. Mjomba alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akakaa chini. Shibiri mbili. Mikizi walikuwa wameshajaa kwenye mizizi, wanarukaruka. Shibiri moja na nusu. Kisha mikizi wakanyamaza wote kwa pamoja, na Mshamu akaona, chini ya maji, vivuli vinene vinapita mlangoni pa uzio. Kimoja. Viwili. Akaacha kuhesabu. Shibiri moja. Jani la mkoko lililokuwa linaelea karibu na mguu wake likasimama, likatulia, wala halikwenda ndani wala nje.

Akaachia kamba. Puu!

Akaifunga kamba kwenye mzizi, akangoja maji yapwe.

Maji yalipopwa, hapana aliyeuliza habari za kugawana. Mlikuwa na chewa wa milia kumi na mmoja, wakubwa, aliye mdogo kuliko wote analingana na Chande hapa alivyo, pamoja na tumbo lake. Wanawake walipiga vigelegele hori zima likaitika. Mjomba Makwega, mwenye sauti iliyokauka, ndiye aliyebeba chewa wa kwanza, na nasikia jioni ile ndiye aliyekula wa mwisho.

Kwa desturi yao, kichwa cha samaki mkubwa kilitiwa kwenye sahani ya mama wa binti. Mama akikila, posa imekamilika, na wawili wale wanaruhusiwa kusemezana. Mama Somoe akamega kipande, akakitia kinywani, akatafuna polepole, watu wote wanamtazama koo. Akameza. Akalia kidogo, akacheka, akasema, "Chumvi haitoshi," na hapo kila mtu akajua amekubali.

Somoe akatoka ndani akasimama mbele ya Mshamu. Mwezi mzima alikuwa hajamwambia neno. Mnajua neno lake la kwanza lilikuwa lipi?

"Shikamoo?"

Shikamoo gani, Kibibi! Alimwambia, "Konokono ishirini na sita, Mshamu. Ishirini na sita nimewaleta kwa mkono wangu, na wote umewafagia."

Kijiji kilivunjika mbavu. Mshamu akatamani tope limmeze. Kisha akafungua kiganja chake, na katikati ya kiganja palikuwa na konokono mmoja, mzima, pembe zake nje.

"Wa ishirini na saba," akasema, "huyu hapa. Huyu sikumfagia."

Somoe akamchukua, akaenda naye mpaka ukingoni, akamrudisha kwenye mkoko wake. Na Mshamu akamfuata nyuma.

Waliishi Kikokoni bamvua nyingi, hazihesabiki, wakazaa, na hakuna mtoto wao hata mmoja aliyechukuliwa na maji. Na Mshamu alipokuwa mzee na wageni wakaja kuposa binti zake, aliwapa fito, akawapa kibanda, kisha akawapa na ufagio, akakaa pembeni kuwatazama wanaufanyia nini.

Basi, wajukuu zangu. Maji ya kwenu mtayajua, si vibaya, jivunieni. Lakini mkifika kwa watu, ulizeni maji ya hapo, na msione haya kupiga magoti kwenye tope. Na kitu kidogo kikirudi mlangoni kwako siku baada ya siku, weka ufagio chini ukitazame. Huenda kuna mtu anakupenda na hana ruhusa ya kusema.

Maji yamejaa?

"Yamejaa!"

Yamekwenda wapi?

"Yamepwa!"

Na hadithi yangu imepwa nayo. Aliyepata samaki ale, aliyekosa alambe mchuzi, na mimi nawarudishia masikio yenu. Kibibi, lete huo mchele nione mawe uliyoyaacha.